Mfuko Usiokwisha wa Nchi ya Wastani

Wako wanaosema nchi ya Wastani haipo. Hao hawajatembea. Ipo, ina ziwa, ina serikali, ina vumbi la kutosha, na Mashauri Kapufi, fundi wa mizani, alikaa huko wiki tatu akala samaki wao mpaka akanenepa. Yaliyomkuta ndiyo haya, hayakuongezwa chumvi ila pale yalipokuwa hayana ladha.

Waliomwita walimwandikia kwamba mizani kuu ya Baraza lao imeharibika. Kapufi alipofika aliivua sahani, akapima kwa mawe yake, akachungulia ulimi wake. Mizani ilikuwa nzima kabisa.

"Ubaya wake nini?" aliuliza.

"Inaelemea," alijibu karani wa Baraza, kwa huzuni ya mtu anayeeleza ugonjwa wa mama yake. "Ukiweka kizito huku na chepesi huku, inakwenda upande. Sisi tunataka ikae katikati."

"Basi mnataka ubao. Mizani isiyoelemea ni ubao."

Karani mmoja akashauri fundi alipwe ujira wote kwa kuwa amekuja. Mwingine akashauri asilipwe kitu kwa kuwa hakutengeneza kitu. Akalipwa nusu. Hapo Kapufi aliijua sheria ya kwanza ya nchi ile: penye maneno mawili, ukweli unakaa katikati, na haruhusiwi mtu kuutafuta kwingine. Mmoja akisema leo ni Jumatatu na mwingine akisema ni Jumatano, basi ni Jumanne, na maduka yanafunguliwa kama Jumanne. Walimpeleka kuona daraja lao, ambalo wanalionea fahari. Zamani wajumbe wa mashariki walitaka lijengwe upande wao, na wajumbe wa magharibi upande wao. Likajengwa katikati ya mto. Halikufika ng'ambo yoyote. Watu huvuka kwa mtumbwi, wakipita chini ya daraja wanavua kofia.

Kapufi alicheka peke yake, kwani aliokuwa nao hawakuona cha kuchekesha. Yeye aliacha shule darasa la tano, maneno makubwa hana, lakini kitu kikipinda anakiona.

Kwa kuwa gari la kurudi kwao lingekuja baada ya wiki tatu, walimtafutia pa kulala katika Mwalo wa Kisiti, mahali boti zinaposhusha samaki wa Ziwa Mbinda. Wenyeji wake walikuwa mume na mke. Mume aliitwa Nyange, mrefu, mpole, mwenye kidevu kama cha beberu. Mke aliitwa Zamoyoni, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu waliovuka mto. Mtoto wao wa pekee, Tatu, alikuwa ameolewa mbali, hivyo nyumba ilikuwa na nafasi, na meza yao ilikuwa na sato wa kukaanga asubuhi na jioni. Kapufi hakuwa na malalamiko.

Aliona jambo moja tu la ajabu. Wawili wale walizungumza juu ya kila kitu, mvua, majirani, mafua ya kuku, lakini hawakuzungumza hata neno moja juu ya kazi zao.

Sababu yake ni sheria ya pili ya Wastani. Mambo ya ziwa yamegawiwa Nyumba mbili, na kati yake umejengwa ukuta. Nyumba ya Maji inahesabu samaki, na ni mwiko kwake kutazama watu. Nyumba ya Soko inahesabu boti na bei, na ni mwiko kwake kutazama maji. Kila mwaka, kabla ziwa halijafunguliwa, kila Nyumba inapeleka Barazani idadi ya boti inayoona inafaa, na Baraza linachukua ya katikati. Ili katikati iwe safi, Nyumba mbili haziruhusiwi kusemezana. Mume na mke wakitoka Nyumba tofauti, kama hawa, wakizungumza kazi nyumbani wanafukuzwa wote na kupelekwa Kokotoni, milimani, kuponda mawe.

"Mmeoana miaka mingapi?" Kapufi aliuliza.

"Ishirini na sita," alisema Zamoyoni.

"Na hujui mumeo anafanya nini?"

"Shemeji, najua anarudi viganja vimekunjana kama aliyefua nguo. Zaidi ya hapo sijauliza."

Nyange alimpeleka Kapufi kazini kwake. Ndani ya Nyumba ya Maji lilikuwapo beseni kubwa la shaba lenye maji, na ndani ya maji maharage mekundu. Hilo ndilo ziwa. Kila mwezi wanatupa nyavu za kuhesabia ziwani, kisha wanaongeza au kupunguza maharage. Likijaa kabisa linachukua mia moja. Wanajua pia kwamba samaki wanaobaki huongezeka kwa nusu yao kila mwaka: wawili wanaleta wa tatu. Kazi ilikuwa nzuri, na Kapufi aliisifu kwa moyo mweupe. Kisha akaona Nyange amejifunika gunia kichwani.

"Hilo la nini?"

"Nikiinama uso wangu unaonekana majini. Ni mwiko mtu kuonekana ziwani. Zamani karani mmoja alitia njiti za kiberiti humu, akasema hawa ni wavuvi. Alistaafishwa siku hiyohiyo."

"Maharage mangapi mwaka huu?"

Nyange alishusha sauti ndani ya gunia. "Arobaini."

Kesho yake Zamoyoni naye alimchukua. Nyumba ya Soko ilikuwa na meza ndefu. Vifuniko vya chupa vilikuwa boti, kila kimoja boti hamsini. Simbi, yaani kauri ndogo, zilikuwa bei. Wakubwa walisogeza vifuniko, wakapandisha simbi, wakashusha simbi, na kwa kweli walijua mambo: samaki wakiadimika bei inapanda, bei ikipanda jirani naye ananunua boti. Pembeni ulikaa mfuko wa samaki, nao pia ni maharage, na kila kifuniko kilichota humo. Mfuko ulipolegea, Zamoyoni aliinuka akaujaza. Hiyo ndiyo kazi yake. Cheo chake ni Mjaza Mfuko.

"Unayatoa wapi?" Kapufi aliuliza.

"Dukani, ng'ambo ya barabara."

"Na duka likiishiwa?"

Bwana Mkadara, mkuu wa Nyumba ile, mtu wa suti ya vipande vitatu, alimjibu kabla yake. "Mgeni, imeandikwa hapo ukutani: samaki ni neema, na neema haikatiki. Mezani petu mfuko haujawahi kwisha tangu babu zetu."

"Haukwishi kwa sababu huyu mama anakwenda dukani."

"Ndiyo kazi yake," alisema Bwana Mkadara, akasogeza kifuniko.

Siku hiyo mchana, Zamoyoni alipakua chakula lakini yeye hakula. Alikuwa ametoka kusikia idadi itakayopelekwa Barazani. Jambo la kupeleka idadi lina ujanja wake. Kila Nyumba inajua itapunjwa katikati, kwa hiyo kila moja inavuta kamba mpaka mwisho. Nyumba ya Maji ingesema boti sifuri. Nyumba ya Soko ingesema boti mia nane. Katikati ni mia nne, kama mwaka jana na juzi.

Mwaka jana boti mia nne zilimaliza mwalo wa Mwambisi. Kuna sheria ya tatu: boti za mwalo zikirudi tupu siku saba mfululizo, mwalo unafutwa na watu wake wote wanapelekwa Kokotoni. Mialo mitatu ilikuwa imekwisha kwenda. Kisiti ilikuwa inayofuata.

"Nimezaliwa nyumba ya tatu kutoka hapa," Zamoyoni alisema, akitazama sahani. "Shemeji, mimi sijui kuponda mawe."

Kapufi aliweka tonge chini. "Mnakatazwa kuzungumza ninyi wawili. Kuzungumza na mgeni je?"

Mume na mke wakatazamana. Nyange akajikuna kidevu. "Haijaandikwa."

"Basi mimi ndiye mgeni. Semeni na mimi."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Walikaa uani, Kapufi katikati kama ukuta wenye masikio, na miaka ishirini na sita ikaanza kutoka.

"Fundi, mwambie mtu wa huko kwamba ziwani kuna arobaini."

"Arobaini tu?" Zamoyoni alishika kichwa. "Shemeji, muulize huyo bwana, arobaini na mimi mwezi huu peke yake nimejaza mfuko mara tisa?"

"Mwambie yeye anajaza kutoka dukani, mimi silali."

"Mwambie na mimi silali, nasikia anavyogeuka!"

"Haya ya kulala semeni wenyewe," alisema Kapufi. "Leteni sufuria."

Zamoyoni alileta sufuria na maharage ya chakula cha jioni. Wakahesabu arobaini wakatia. Wakaokota vifuniko. Kapufi hakuwa mtaalamu wa kitu chochote pale. Aliuliza tu maswali ya mtu asiyeona haya: kifuniko kimoja kinachota mangapi? Matatu. Ya wapi? Ya humu humu, hakuna duka. Yaliyobaki yanaongezeka vipi? Kwa nusu. Haya, anzeni.

Walianza na sifuri, kama Nyumba ya Maji ilivyotaka. Nyange akakunja mikono, ametulia, maharage yanazaana. Zamoyoni akachukua vifuniko vitano akavitumbukiza.

"Hao nani?" Nyange alishtuka, akasahau kupitia kwa mgeni.

"Hao ni kina Mbwiga, jirani yetu mvuvi, na shemeji zake. Umefunga ziwa, watoto wao wanakula nini? Wameingia kwa mlango wa nyuma na nyavu za vyandarua. Njaa haisomi amri. Wanakomba mpaka vifaranga."

Nyange alivitazama vifuniko vile. Katika miaka yote ya kuinama juu ya beseni hakuwahi kumwona Mbwiga mle.

Wakatia vifuniko vinane, yaani boti mia nne. Mwaka wa kwanza vilichota ishirini na nne. Yakabaki kumi na sita, yakazaa yakawa ishirini na nne. Samaki wameadimika, bei imepanda, akasema Zamoyoni, na akaongeza vifuniko viwili, kwa maana ndivyo majirani wanavyofanya. Kumi vikaingia, kila kimoja kikapata mawili tu. Mwaka wa tatu vifuniko kumi viligombea maharage sita.

Kuku akaja akadokoa harage moja, wakamfukuza kwa hasira kama mwizi.

"Weka vinne," alisema Kapufi.

Vinne vilichota kumi na mawili. Yakabaki ishirini na nane, yakawa arobaini na mawili. Mwaka wa pili arobaini na tano. Mwaka wa sita sufuria ilikuwa na sabini na manane, na kila kifuniko kilikuwa kimepata matatu yake kila mwaka bila kukosa. Vinne vilileta nyumbani zaidi ya vile kumi, na sufuria ikazidi kujaa.

"Boti mia mbili," Nyange alinong'ona. "Hiyo ndiyo tuliyotaka siku zote. Tunasema sifuri ili tukipunjwa tufike hapo."

"Na zile mia mbili nyingine zikae wapi?" Zamoyoni aliuliza. "Hapo ndipo wenzetu mnapoharibu. Mnasema 'punguza' kama mnapunguza mchuzi. Boti ni watu. Ziende kwa zamu, wiki hii hawa, wiki ijayo wale, na pato la kila wiki wagawane wote. Bei itakuwa nzuri kwa sababu hazishushi zote siku moja samaki wakaoza. Kwa hivyo hakuna atakayeingia kwa mlango wa nyuma."

"Hilo la zamu sikulijua."

"Hukuniuliza."

Nyange alimtazama mkewe kama mtu aliyegundua chumba kingine ndani ya nyumba yake. Kisha wote wawili wakakumbuka kwamba kwa muda sasa walikuwa wanasemezana moja kwa moja, na Kapufi alikuwa anakula.

Siku ya Baraza watu walijaa. Aliyekalia kiti alikuwa Mwenye Katikati, Bwana Selembe, mzee mnene aliyevaa kanzu upande mmoja na koti upande wa pili ili asiegemee vazi lolote. Nyumba ya Maji ilisema sifuri. Nyumba ya Soko ilisema mia nane, na Bwana Mkadara, kwa kuwa anapenda kuonekana, aliagiza meza yake iletwe aonyeshe. Vifuniko kumi na sita vilipangwa, vikaanza kuchota mfukoni. Simbi zikapanda na kushuka. Watu wakapiga makofi. Mfuko ukalegea, ukalala, ukawa kitambaa.

Bwana Mkadara alinyoosha mkono bila kutazama. Mkono ukakaa hewani.

"Jaza, mama."

Zamoyoni alikuwa amekaa, mikono kifuani. "Yamekwisha."

"Yamekwisha vipi? Jaza."

"Kutoka wapi, bwana mkubwa?"

"Kutoka unapotoa siku zote!"

"Siku zote natoa dukani. Ziwani hakuna duka. Ukitaka kujua yako mangapi kamuulize mume wangu, beseni liko kwake."

Baraza zima likavuta pumzi. Alikuwa ametaja kazi ya mumewe mbele ya watu mia tano. Karani akatoa fomu ya Kokotoni akaanza kuandika jina. Zamoyoni alimwangalia akiandika. Akisema, anakwenda Kokotoni. Akinyamaza, anakwenda Kokotoni na mwalo mzima. Alikuwa amechagua.

Nyuma kukasikika kishindo. Nyange alikuwa anakuja na beseni la shaba mikononi, maji yanamwagikia miguu yake, bila gunia kichwani. Akaliweka juu ya meza ya Soko. Simbi zikaruka.

"Arobaini," alisema. "Andika na jina langu."

Ulizuka mzozo. Wa Soko walipiga kelele kwamba meza imelowa. Wa Maji walipiga kelele kwamba uso wa mtu unaonekana ziwani. Zamoyoni aliinuka. Alianza kusogeza vifuniko vinane, vile vya boti mia nne, Nyange akawa anahesabu maharage, na pole pole watu wakaacha kelele wakaanza kutazama. Mwaka wa kwanza. Wa pili. Ilipofika ule wa vifuniko kumi na maharage sita, mwanamke mmoja mwenye kwao Mwambisi, aliyeolewa Kisiti, alilia, maana hayo aliyaona kwa macho.

Kisha wakaonyesha vinne, na zamu.

Bwana Selembe alifikiri. "Nimeelewa," alisema. "Kumbe kuna maneno mawili. Mia nne na mia mbili. Basi ni mia tatu."

Watu wakapumua, mambo yamekwisha.

"Zitie humo," alisema Kapufi kutoka nyuma.

"Wewe nani?"

"Niliyelipwa nusu. Zitie humo uone."

Mwenye Katikati hakuzoea kuambiwa hivyo, lakini alikuwa mtu wa haki. Akainuka mwenyewe, akachukua vifuniko sita akatia kwa mkono wake. Yakabaki ishirini na mawili, yakawa thelathini na matatu. Akatia tena. Akatia tena. Mwaka wa nne vifuniko sita vilikuta maharage sita, na mkono wa Bwana Selembe ukasimama juu ya maji.

"Katikati imekufa pia," alisema, kama mtu asiyeamini.

"Umechelewesha mazishi mwaka mmoja," alisema Kapufi. "Samaki hawajui kwamba mlikubaliana."

Bwana Selembe alibaki amesimama. Alijiona majini, uso wake mnene kati ya maharage sita, na huenda hakuwahi kujiona pale tangu azaliwe. Aliamuru mia mbili, kwa zamu, kwa mwaka mmoja, na beseni na meza vikae pamoja Barazani mwakani.

Ikabaki kesi ya mume na mke. Mjumbe mmoja alitaka wapelekwe Kokotoni jioni ileile. Mwingine alitaka wapewe vyeo vya wakuu wa Nyumba. Hapo Mwenye Katikati alirudi nyumbani kwake, katikati, kwa furaha iliyoonekana usoni: wasiende popote wala wasipande cheo, ila ukuta kati ya Nyumba mbili utobolewe mlango, nao wakae mlangoni, kwa mshahara uleule. Kapufi alikiri kwamba sheria ile mbovu, mara moja kwa miaka mingi, hubahatisha ikapatia.

Ziwa likafunguliwa. Lori la kuhamisha watu lilikuwa limekuja mapema likaegeshwa Kisiti, na dereva wake, mtu wa watu, alitandika mkeka chini ya bodi akasubiri siku saba za boti tupu. Siku ya kwanza boti za zamu zilirudi na samaki wachache. Siku ya pili pia wachache. Wasio na zamu walikaa ufukweni wakishona nyavu na kuwatukana wenye zamu kwa utani, "Vueni vizuri, huo ni ugali wetu mnauchezea!" Siku ya tano walirudi na zaidi kidogo. Hakuna siku iliyokuwa tupu. Siku ya nane dereva alikunja mkeka wake. Alisema hajawahi kurudi na lori jepesi namna hii, akawasha injini, akaondoka.

Kapufi alikuwa barazani kwa wenyeji wake, sahani mapajani. Ndani, Nyange na Zamoyoni walikuwa wanabishana kama vifaranga wa samaki wahesabiwe au wasihesabiwe. Walianza asubuhi. Sauti ya Zamoyoni ilivuka mto.

"Shemeji!" aliita. "Hebu njoo utuamulie!"

Kapufi alijua kwamba akienda na neno lake watachukua la katikati. Akaongeza mchuzi.

"Ulizaneni wenyewe," alisema. "Mna miaka ishirini na sita ya kufidia."